Mbona Hakupiga Kelele? Mazungumzo na Wakaazi wa Syokimau

Haya ni maneno niliyozungumza na wakaazi wa Syokimau, nimeyaandika karibu vile vile nilivyoyasema kwa kuwa wengi waliomba nakala na wengine walikuwa kazini. Wewe unayesoma kwenye simu ukiwa ndani ya treni ya asubuhi au kwenye foleni ya Mombasa Road, jihesabu ulikuwa umekaa mkekani pamoja nasi.

Naanza na swali ambalo mtaani kwetu huulizwa hata kabla ya pole. Msichana akisema amebakwa, tunamwuliza: "Mbona hukupiga kelele?" Na hapa Syokimau swali hilo lina nguvu zaidi kwa sababu ya vile tunavyoishi. Tuko kwenye maghorofa yaliyobanana. Mtoto wa nyumba namba nane akikohoa, wewe wa namba tisa unajua ameshikwa na kifua. Kuna geti, kuna askari wa geti, ploti nyingine zina kamera. Basi mtu anapiga hesabu yake haraka: kama kweli jambo lile lilitendeka usiku ule, tungesikia. Hatukusikia kitu, kwa hivyo hakukutokea kitu.

Hesabu hiyo inaonekana safi, na ni hesabu ya uongo. Na walioionyesha kuwa ya uongo si wanasiasa wala sisi wanaharakati. Ni watafiti wa vyuo vikuu, watu wa saikolojia, waliokaa miaka mingi wakiwasikiliza manusura mmoja mmoja na kuandika walichoambiwa. Leo nataka nikueleze walichokiona, kwa sababu naamini wengi wetu tunamhukumu mtu kwa kutojua mwili wa binadamu unavyofanya kazi.

Twende nyuma kidogo, mpaka Marekani mwaka 1972. Wanawake wawili wa Boston College, Ann Burgess, ambaye ni muuguzi, na Lynda Holmstrom, mtaalamu wa mambo ya jamii, walikubaliana na hospitali kuu ya mji wa Boston jambo moja: kila akiletwa mtu anayesema amebakwa, wao wapigiwe simu, iwe mchana iwe usiku wa manane, na watakuja. Walifanya hivyo mwaka mzima. Walionana na watu 146, na kati yao 92 walikuwa wanawake watu wazima waliobakwa kwa nguvu. Mwaka 1974 wakachapisha walichokiona, na hapo ndipo ulimwengu wa udaktari ulipoanza kuzungumzia kiwewe cha ubakaji kama jambo lenye dalili zinazojulikana.

Sikiliza hili moja katika waliyoyaona. Wanawake waliofika hospitalini pale hawakuwa wa namna moja. Wako waliolia, wakatetemeka, wakashindwa kukaa. Na wako, karibu idadi ile ile, waliokaa kimya, uso mkavu, wanajibu maswali kana kwamba wanaeleza habari ya mtu mwingine. Sasa jiulize mwenyewe: kati ya hao wawili, nani tungemwamini hapa kwetu? Yule wa pili tungesema, "Tazama, hata chozi hana." Kumbe ukavu ule wa uso ni kiwewe chenyewe. Wenzetu walishaliandika hili zaidi ya miaka hamsini iliyopita, na sisi bado tunapima ukweli wa mtu kwa wingi wa machozi.

Sasa turudi kwa kelele.

Wewe uliyekulia shambani umewahi kumshika kuku ukamlaza chali, ukamkandamiza kidogo. Anapapatika, halafu ghafla ananyamaza. Macho wazi, mwili umelegea, hatikisiki hata ukimwachilia. Hajafa, wala hajakubali kuchinjwa. Mwili wake umejizima. Wanyama wengi wana jambo hili, hasa wale wanaowindwa: wakiisha kukamatwa na hakuna tena pa kukimbilia, mwili unaganda. Mnyama hachagui.

Binadamu naye analo. Mwaka 2017 watafiti wa Uswidi, akiwemo Anna Möller wa Taasisi ya Karolinska, walitoa matokeo ya kazi yao na wanawake 298 waliofika kliniki ya dharura ya waliobakwa mjini Stockholm, wote ndani ya mwezi mmoja tangu washambuliwe. Waliwauliza mwili ulikuwaje wakati lile jambo linatendeka. Asilimia 70 walieleza kuganda kwa kiwango kikubwa. Asilimia 48 waliganda kupita kiasi: hawakuweza kusogea, hawakuweza kutoa sauti, hata walipotaka. Fikiria hapo. Saba katika kila kumi. Tulilodhani ni ajabu, la kutiliwa shaka, ndilo lililowapata wengi zaidi. Aliyepiga kelele na kupigana ndiye wa wachache.

Watafiti wale waliwafuata baadhi ya wanawake hao baada ya miezi sita. Walioganda wakati wa tukio ndio walioonekana zaidi kuwa na kiwewe kisichoisha na huzuni nzito. Na sababu moja si vigumu kuiona. Mtu aliyeganda anajiuliza swali lile lile tunalomwuliza sisi: "Mbona sikupiga kelele?" Anajihukumu usiku. Halafu asubuhi anatoka nje na kumkuta mamake, au jirani, au mzee wa mtaa, anamwuliza tena. Sisi tunakuwa mashahidi wa mbakaji bila kulipwa.

Kuna na jambo la kumbukumbu. Mtu akiwa katika hofu ya kufa, ubongo haurekodi kama kamera ile ya getini. Unashika vipande. Harufu ya jasho, mlio wa friji, rangi ya pazia, hivyo vinaweza kubaki vikali miaka na miaka. Lakini nini kilitangulia na nini kilifuata, ilikuwa saa tatu au saa tano, hapo panaweza kuwa na giza. Sasa anafika kituoni, afisa anamwuliza mfuatano: ulitoka saa ngapi, ukafanya nini, halafu nini. Leo anasema hivi, kesho amekumbuka kipande kingine. Sisi tunasema, "Amebadilisha maneno, huyo ni mwongo." Sisemi kila neno la kila mtu lipokewe bila kuchunguzwa. Uchunguzi ndio kazi ya polisi, na mshtakiwa naye ana haki yake mahakamani, hiyo tunaitetea kila siku. Ninachosema ni kwamba kukosa mfuatano peke yake hakuthibitishi uongo.

Na muda je? Edna Foa na wenzake wa Marekani waliwafuata wanawake waliobakwa tangu siku za mwanzo, na mwaka 1992 wakachapisha kuwa takriban wiki mbili baada ya tukio, asilimia 94 walikuwa na dalili za kiwewe: ndoto mbaya, kushtuka, kuikwepa njia au mtu, kukosa usingizi. Baada ya miezi mitatu ilikuwa asilimia 47. Hesabu hiyo ina habari mbili. Ya kwanza njema: karibu nusu wanaanza kutulia, Mungu ameuumba moyo uweze kujiponya. Ya pili ni nzito: karibu nusu hawatulii, na wale hawatatulia kwa kuambiwa "sahau, yamepita, muda utaponya." Muda umeshapita na haujaponya.

Msije mkadhani haya ni ya Boston na Stockholm tu. Uchunguzi mkubwa wa afya wa taifa letu wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 13 ya wanawake wa Kenya wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kingono. Hiyo ni karibu mmoja katika kila wanane. Hesabu akina mama wa chama chako. Na si wanawake peke yao. Uchunguzi wa ukatili dhidi ya watoto wa mwaka 2010 uliwauliza vijana wa miaka 18 hadi 24 yaliyowapata utotoni. Wasichana asilimia 32 na wavulana asilimia 18 walisema walitendewa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Uchunguzi kama huo uliporudiwa 2019, hesabu ilishuka hadi karibu 16 kwa wasichana na 6 kwa wavulana. Imeshuka, alhamdulillahi, lakini hebu ona: wavulana wamo. Baba unayesema "wangu ni wa kiume, sina wasiwasi," jipange upya.

Sasa sheria. Wengi wetu tunadhani bila shahidi hakuna kesi. "Nani aliona?" Jamani, jambo hili hufanywa mlango ukiwa umefungwa, nani ataona? Bunge letu lililiona hilo. Kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinasema katika kesi za makosa ya kingono mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mwathiriwa peke yake, mradi hakimu aridhike kuwa anasema kweli na aandike sababu za kuridhika kwake. Mtaa wetu huu, kwa njia, unabeba jina la mwanamke. Syokimau alikuwa nabii wa Wakamba, anayekumbukwa kuwa alitabiri reli kabla reli haijafika, nyoka mrefu atokaye upande wa bahari. Neno lake limebebwa na vizazi, na leo tuna stesheni, tuna kituo kikuu cha treni ya SGR. Hakuna mtu huku aliyewahi kudai shahidi wa pili wa maneno yake.

Jambo jingine la sheria linatuhusu sana sisi, na wazee wangu mnivumilie. Nazungumzia maslaha. Binti amebakwa, familia mbili zinakaa na wazee, panasomwa fatiha, panatajwa pesa au mifugo, aliyefanya anaambiwa atoe faini, na jambo linafungwa "ili kulinda heshima." Majirani zetu wasio Waislamu nao wana yao, jina tu ndilo tofauti. Heshima ya nani imelindwa? Binti hakuulizwa. Pesa hakuzishika. Kesho anakutana na yule mtu njiani anakwenda kununua mkate. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, kifungu cha 40, haiwaachii wazee wala wazazi uamuzi wa kusimamisha kesi hizi. Uamuzi ulikuwa wa Mwanasheria Mkuu, na baada ya katiba ya 2010 mamlaka ya mashtaka yako kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Yaani baba mzazi mwenyewe hana uwezo wa kusema, "Tumesameheana, funga faili." Kesi si mali yake. Na kwa upande wa dini, nasema kwa ufupi tu kwa sababu masheikh wako hapa: aliyelazimishwa hana dhambi, na sitara iliyowekwa kumfunika muungwana haikuwekwa kumfunika mbakaji.

Nitaje na kesi moja mnayofaa kuijua. Baada ya uchaguzi wa 2007 Tume ya Waki iliandika visa visivyopungua 900 vya ukatili wa kingono vilivyotendwa katika ghasia zile. Mwaka 2013 manusura wanane, wanawake sita na wanaume wawili, walikwenda Mahakama Kuu Nairobi wakiishtaki serikali kwa kushindwa kuwalinda na kushindwa kuchunguza. Hukumu ilitoka tarehe 10 Desemba 2020. Wanne kati ya wale wanane walipewa fidia ya shilingi milioni nne kila mmoja. Ni ushindi, na tuliushangilia. Lakini piga hesabu: tangu siku ya tukio mpaka siku ya hukumu ni takriban miaka 13. Mtu anaishije miaka 13 na ndoto zile? Mahakama haitibu usingizi. Ndiyo maana nawaambieni kuhusu watu wa saikolojia, maana haki ina miguu miwili na sisi wa haki za binadamu tumezoea kutembea kwa mmoja.

Je, kiwewe kinatibika? Kinatibika. Na hapa nina habari ambayo naona haijafika mitaani kama inavyostahili.

Mwaka 2015, hapa hapa Nairobi, katika mitaa ya pembezoni, kilifanywa kipimo kikiongozwa na Richard Bryant, profesa wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, pamoja na Shirika la Afya Duniani na wenzao wa Kenya. Walichukua wanawake 421 waliowahi kutendewa ukatili wa kijinsia na ambao moyo ulikuwa umewalemea. Wakawagawa kwa kura. Nusu walipelekwa kwa wauguzi wa jamii kwa ushauri wa kawaida. Nusu walipata vikao vitano, kimoja kila wiki, dakika tisini kila kimoja. Na nani alikaa nao katika vikao hivyo? Hakuwa daktari, hakuwa mtu wa digrii. Ni wahudumu wa afya ya jamii, akina mama wa mtaani kama hawa wanaokuja kwako kuuliza habari za chandarua na chanjo, waliofunzwa kwa siku nane na kisha wakasimamiwa. Walifundisha mambo ya kawaida sana: kupumua polepole, kuchukua tatizo moja linalowezekana na kulitatua hatua kwa hatua, kurudi katika shughuli ulizoziacha, kujua ni nani katika watu wako unaweza kumwegemea.

Miezi mitatu baada ya vikao, wale wa vikao vitano walikuwa wamepungukiwa na dhiki kuliko wale wa wauguzi. Sitatia chumvi: watafiti wenyewe walisema nafuu ilikuwa ya wastani. Lakini nafuu ya wastani, iliyoletwa na jirani mwenye mafunzo ya siku nane, katika nchi ambayo kumpata mwanasaikolojia ni kazi, na ukimpata bei yake ni kodi ya nyumba! Mimi hilo nalitaka Mavoko.

Na Kongo, huko Kivu Kusini, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na wenzao walifanya jambo kubwa zaidi kuanzia 2011. Vijiji vingine wanawake waliobakwa walipewa msaada wa mmoja mmoja, vingine walikaa kwa vikundi wakifundishwa kuyachunguza mawazo yao wenyewe: lile wazo la "mimi ndiye niliyesababisha," "mimi ni mchafu," "hakuna mtu wa kuaminika tena." Wengi hawakujua kusoma, kwa hivyo mafunzo yalibadilishwa yashikike kwa kichwa. Walioongoza walikuwa wasaidizi wa kijamii wa kule kule, na vita havikuwa vimekwisha. Miezi sita baadaye, katika wale wa msaada wa kawaida, asilimia 42 bado walikuwa na dalili za huzuni nzito au wasiwasi uliopita kiasi. Katika wale wa vikundi ilikuwa asilimia 9. Nilipoziona namba hizo mara ya kwanza nilirudi kuzisoma tena. Arobaini na mbili kwa tisa. Wanawake ambao ukiwasikia habari zao unasema hawa wamekwisha, hawakuwa wamekwisha.

Basi wewe uko wapi katika haya yote? Uko mwanzo kabisa. Kabla ya polisi, kabla ya daktari, kabla ya mtafiti yeyote, mtu huyu atamwambia mtu mmoja. Dada yake, rafiki wa kazini, mwalimu wa madrasa, mama wa duka. Huenda akawa wewe, leo jioni. Atakavyopokewa na huyo mmoja ndivyo atakavyoamua kama atamwambia wa pili.

Akikuambia, usimwulize alikuwa amevaa nini wala alikuwa akitafuta nini Mlolongo saa nne usiku. Mwambie, "Pole. Nimekusikia. Si kosa lako." Halafu nyamaza umsikilize. Usimlazimishe kusimulia yote, usimshike kama hataki kushikwa, usimpigie mumewe au babake kabla hajakuruhusu. Akiwa ni mtoto, hapo ni tofauti: mtu mzima lazima achukue hatua, na unajisi wa mtoto hauna mjadala wa nyumbani.

Kisha hospitali, na hapa saa inakwenda. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zinafaa zianzwe ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Dawa za kuzuia mimba ya dharura zinafanya kazi hadi saa 120, nazo pia haraka ni bora. Anaweza kwenda hospitali kwanza kabla ya polisi, hatakiwi kufukuzwa eti alete karatasi. Ikiwezekana asioge kwanza. Najua ndilo jambo la kwanza analolitamani, na kama ameshaoga asilaumiwe, aende hivyo hivyo. Nguo alizovaa zifungwe kwenye gazeti au mfuko wa karatasi, kwa sababu plastiki huozesha ushahidi (na mifuko yenyewe ilishapigwa marufuku 2017, kwa hivyo huna udhuru). Hospitali ya umma itajaza fomu ya huduma baada ya ubakaji, ile wanayoiita PRC. Polisi watatoa namba ya OB na fomu ya P3 ambayo daktari ataijaza. P3 haiuzwi. Ukiambiwa utoe "kitu kidogo" ndipo ujaziwe, andika jina na saa, uje kwetu. Na kama saa 72 zimepita, au miezi, au miaka, aende tu. Kiwewe hakina tarehe ya mwisho, wala matibabu yake.

Nimewasifu watafiti vya kutosha, sasa niwapunguzie. Kwa kuwa tuko kando ya Nairobi, mji wenye vyuo vikuu kila kona, usishangae siku moja ukibishiwa hodi na vijana wenye kadi shingoni na tableti mkononi wanaotaka kukuuliza mambo ya ukatili wa kingono. Wapokee, lakini ujue haki zako. Utafiti nchini unatakiwa uwe na leseni ya NACOSTI, na kwa mambo kama haya kibali cha kamati ya maadili pia. Omba kuviona vyote viwili. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, habari zako zichukuliwe kwa ridhaa yako, uelezwe zitatumika kwa nini, na unaweza kuiondoa ridhaa hiyo. Unaweza kukataa swali moja na kujibu lingine. Unaweza kusimama katikati ukasema basi, na hutakiwi kunyimwa huduma yoyote kwa sababu hiyo. Shilingi mia mbili za nauli si bei ya kukufunga mdomo wala kukufungua.

Na mtafiti anayejua kazi yake ana alama zake. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani kuhusu utafiti wa ukatili dhidi ya wanawake inataka mwanamke ahojiwe peke yake, mahali pasiposikika, na katika nyumba moja ahojiwe mwanamke mmoja tu ili wengine wasijue kilichoulizwa. Mume akiingia ghafla, mazungumzo yageuzwe. Mhojaji awe amefundishwa, na awe na mahali pa kukupeleka ukilemewa baada ya kuyataja. Akikuuliza mbele ya mashemeji sebuleni, huyo hajui hatari anayokutia. Mfungulie mlango arudi alikotoka. Na akikuacha unalia, akafunga tableti akaenda nyumba ya pili, huo si utafiti, ni wizi wa machozi.

Lakini mkijiridhisha, jibuni. Hili nalisema kwa moyo wote, najua wako wanaoniona nimekosea kulisema. Asilimia zile 70 za Stockholm zilipatikana kwa sababu kuna mwanamke, wiki chache baada ya siku mbaya kuliko zote za maisha yake, aliyekubali kumwambia mtu asiyemjua: "Sikuweza kusogea." Kwa ajili yake, leo tunaweza kumjibu mzee wa mtaa anayeuliza habari za kelele. Wale 421 wa Nairobi nao vile vile. Hatuyajui majina yao na hatupaswi kuyajua.

Waliouliza mwishoni kama wahudumu wetu wa afya ya jamii hapa Mavoko wanaweza kufundishwa vile vikao vitano: hakuna cha kuzuia isipokuwa bajeti na nia ya kaunti. Mikutano ya maoni ya bajeti ni ya umma, kila mwaka mnaitwa na kila mwaka viti viko wazi. Mwaka huu tukae sisi.

Na kabla hujafunga ukurasa huu, weka namba mbili kwenye simu yako. 1195 ni ya ukatili wa kijinsia, 116 ni ya watoto. Zote ni za bure. Kama simu yako inashikwa na mtu mwingine pale nyumbani, zihifadhi kwa jina la fundi wa maji.